Ijue Ekseli, Ijue Difu: Namna ya Kutambua Yaliyo Chini ya Pikapu Kuukuu

Huenda unajiuliza makala ya spana na grisi yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Swali lako ni la haki. Lakini kumbuka kwamba Kiswahili si cha mashairi na insha peke yake. Mafundi wetu wa jua kali hufungua na kufunga magari kutwa kucha kwa Kiswahili, na msamiati wao ni mali yetu sote. Isitoshe, wengi wetu tunatoka sehemu ambazo gari la kutegemewa ni pikapu kuukuu: ndilo linalobeba maziwa, ndilo linalobeba maji, na usiku wa mvua ndilo linalobeba mgonjwa. Pikapu hiyo ikikwama kwa sababu ya kipuri kisichofaa, hasara haiishii mfukoni.

Katika makala haya nitaeleza jinsi ya kutambua ekseli na difu za pikapu ya foo-wili ya zamani, yaani gari ambalo injini yake inaweza kusukuma magurudumu yote manne. Mfano wangu mkuu ni Land Rover ya Series, na baadaye nitagusia Toyota Hilux. Neno langu ni moja, nalo nitalirudia: jina lililoandikwa kwenye bodi halikuambii kilichofungwa chini yake. Sharti uiname utazame.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Tuseme mzee mmoja wa Maralal amevunjikiwa na hafushafti. Anampa kijana wake pesa, kijana anapanda gari mpaka Nairobi, anafika Kirinyaga Road kwenye maduka ya spea. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo mzee. Nataka hafushafti ya Land Rover."

"Marahaba kijana. Land Rover gani?"

"Ile ya zamani, mzee. Ya pikapu."

"Fupi au ndefu? Ya mbele au ya nyuma? Kulia au kushoto? Difu yake ni ya Rover au ni Salisbury? Shafti ina meno mangapi?"

Hapo kijana hana la kusema. Atakisia, atalipa, atarudi Maralal, na fundi atakapojaribu kuiingiza shafti itagoma. Pesa zimekwenda, siku mbili zimekwenda, na ng'ombe bado wanakamuliwa. Kuuliza si ujinga, lakini yule anayekwenda dukani bila majibu amejitakia hasara. Haya basi, tujifunze majibu.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Injini hutoa nguvu, giaboksi huipunguza au kuiongeza kasi yake. Katika gari la foo-wili, nyuma ya giaboksi kuna kisanduku kingine ambacho mafundi hukiita transfa. Kazi ya transfa ni kuigawa nguvu: sehemu iende nyuma na sehemu iende mbele. Kutoka kwenye transfa nguvu husafiri kwa vyuma virefu vinavyozunguka, navyo ni propela shafti, moja ya mbele na moja ya nyuma.

Propela shafti huishia kwenye uvimbe mkubwa wa chuma ulioko katika ekseli. Ekseli ni ule mhimili mzima unaotoka gurudumu moja hadi jingine, na uvimbe wake ndio nyumba ya difu. Ndani ya nyumba hiyo kuna gia ndogo, pinioni, ambayo huuma gia kubwa ya duara iitwayo krauni. Pinioni na krauni hufanya mambo mawili: huugeuza mzunguko ili uelekee kwenye magurudumu, na huupunguza mwendo ili nguvu ipate kuongezeka. Ukigawanya idadi ya meno ya krauni kwa idadi ya meno ya pinioni, unapata uwiano wa difu. Land Rover za Series zina krauni yenye meno 47 na pinioni yenye meno 10, kwa hiyo uwiano wake ni 4.7. Maana yake ni kwamba propela shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Katikati ya krauni kuna gia nyingine ndogo ambazo ndizo difu hasa. Je, zina kazi gani? Kumbuka siku za gwaride uwanjani. Maskauti wakipiga kona wakiwa wamejipanga mstari mmoja, wa ndani anakanyaga karibu palepale, wa nje anatembea hatua ndefu. Magurudumu ya gari nayo ni hivyohivyo. Yakifungwa pamoja yasiweze kutofautiana, moja litaburutwa kila kona. Difu huyaruhusu kutofautiana mwendo huku yote mawili yakiendelea kusukumwa.

Mwisho, kutoka kwenye difu nguvu hutoka kulia na kushoto kwa hafushafti mbili. Huo ndio ukoo mzima: transfa, propela shafti, pinioni, krauni, hafushafti, gurudumu.

KWANZA LITAMBUE GARI

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Series II ikaja mwaka wa 1958, Series IIA mwaka wa 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hapa kwetu nyingi ziliunganishwa na kiwanda cha Leyland Kenya kule Thika. Mwaka wa 1983 ilizaliwa One Ten, ambayo tangu 1990 iliitwa Defender, na Defender ya aina hiyo ilikoma kutengenezwa Januari 2016.

Namna rahisi ya kutenganisha Series na Defender ni kutazama springi. Series hukalia springi za mabamba yaliyolazwa moja juu ya lingine, mbele na nyuma. One Ten na Defender zina springi za kujiviringa mfano wa zile za godoro. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu uwiano wa difu zao si mmoja: Series ni 4.7, Defender ni 3.54.

Kisha tazama urefu. Series huja kwa urefu wa aina mbili hasa, 88 na 109. Nambari hizo ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiwa na futi ya kupimia unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kuuliza mtu: 88 ni kama mita 2.24, na 109 ni kama mita 2.77.

TAZAMA UMBO LA NYUMBA YA DIFU

Sasa lala chini, bwana. Vaa nguo za kazi, usije ukaharibu sare.

Land Rover za Series utakazokutana nazo zina difu za aina mbili. Ya kwanza ni ya Rover, ya pili ni Salisbury.

Difu ya Rover utaijua kwa pua yake. Upande ule propela shafti inapoingilia kuna kichwa cha chuma kilichofungwa kwa nati zilizopangwa duara. Fundi akizifungua nati hizo, na akiwa ametoa hafushafti, difu nzima huchomoka kama droo ya kabati. Upande wa pili, tumbo lake ni laini, la mviringo, limechomelewa wala halifunguki.

Salisbury ni kinyume chake. Ni nene, nzito, na imeshuka chini zaidi. Upande wa propela hakuna kichwa cha kuchomoa. Badala yake, ukienda nyuma ya gari na kuchungulia, utaona kifuniko cha bati nene kilichofungwa kwa bolti 10 kuizunguka duara yote. Difu hii hufunguliwa kutoka nyuma, na gia hutolewa humohumo ndani ya ekseli.

Land Rover 88 huwa na difu ya Rover mbele na nyuma. Land Rover 109 za Series III kwa kawaida zina Rover mbele na Salisbury nyuma, kwa kuwa hubeba mzigo mzito zaidi. Lakini nimetumia neno "kwa kawaida" kwa makusudi. Gari la miaka 40 na zaidi limepitia mikono mingi. Mwenye gari aliyepita huenda alivunja ekseli akafunga ya gari jingine, na logibuku haina habari. Ndiyo maana nasema: iname utazame.

Kutambua aina ya difu kunasaidia hata katika jambo dogo kama kubadilisha oili. Difu ya Rover hunywa kama lita 1.75, Salisbury hunywa kama lita 2.5. Anayeipa Salisbury kipimo cha Rover anaiacha na njaa, na gia zenye njaa ya oili hujiunguza.

TAZAMA KATIKATI YA GURUDUMU

Toka chini ya gari sasa, usimame mbele ya gurudumu la nyuma. Tazama katikati yake. Kwenye Land Rover za Series utaona kisahani kilichofungwa kwa bolti kwa mduara. Hapo ndipo hafushafti inapoishia. Ekseli ya namna hii, uzito wa gari hubebwa na beringi zilizokaa juu ya bomba la ekseli, na hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikivunjika, gurudumu linabaki mahali pake. Tena unaweza kufungua bolti zile na kuichomoa shafti bila hata kutoa gurudumu.

Ukitazama Toyota Hilux hutaona kisahani hicho nyuma. Gurudumu limefungwa kwenye bamba ambalo ni sehemu ya hafushafti yenyewe, na shafti hiyo hubeba uzito na kuzungusha vilevile. Hiyo nayo ni alama ya kutambulisha. Pia ni onyo: beringi ya Hilux ikianza kulia, usiipuuze, kwa maana shafti ikikatikia nje ya beringi gurudumu linaweza kuondoka nayo.

Kuhusu hafushafti za Series, kumbuka mambo mawili unapokwenda dukani. Mosi, nyumba ya difu haiko katikati ya ekseli. Imesogea upande wa kulia. Kwa hiyo shafti ya kulia ya nyuma ni fupi na ya kushoto ni ndefu. Pili, shafti za difu ya Rover za zamani zina meno 10 mapana katika ncha inayoingia ndani ya difu, ilhali za baadaye zina meno 24 madogomadogo. Ya meno 10 haiingii kwenye difu ya meno 24, hata uipige nyundo. Dawa ni rahisi: beba ile iliyovunjika, vipande vyote, uiweke kwenye kaunta kando ya ile unayouziwa.

HESABU BILA KUFUNGUA

Umbo linakuambia aina ya difu, lakini halikuambii uwiano. Difu mbili za Rover zinaweza kufanana kama pacha, moja ikawa ya 4.7 na nyingine ya 3.54. Je, tutajuaje bila kuifungua? Hapa ndipo hesabu za darasani zinapopata kazi.

Kabla ya yote, usalama. Tafadhali soma aya hii mara mbili. Katika magari mengi handibreki hukamata magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover ya Series sivyo. Handibreki yake iko nyuma ya transfa, na hukamata propela shafti. Sasa fikiri: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka kinyume huku lile lililo chini likibingirika, na propela shafti ikiwa imetulia tuli. Yaani handibreki imevutwa barabara, na gari linakuja! Kwa hivyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, fanyia kazi mahali tambarare, na usiingize mwili wako chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Liweke juu ya stendi au magogo imara. Mwanafunzi asifanye kazi hii bila fundi au mtu mzima.

Baada ya hayo, fuata hatua hizi:

1. Weka giaboksi huru, pasiwe na gia. Hakikisha kwamba foo-wili haijaingizwa.

2. Inua gurudumu moja tu la nyuma. La pili libaki chini, limezuiwa kwa mawe.

3. Achilia handibreki, kwa maana tunataka propela shafti izunguke.

4. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti.

5. Mmoja azungushe gurudumu polepole mara 20 kamili. Mwingine, akiwa amechuchumaa pembeni mahali anapoweza kuiona alama, ahesabu propela shafti imezunguka mara ngapi.

Kwa nini mara 20 na si 10? Kwa sababu gurudumu moja limesimama na jingine linazunguka, krauni huzunguka nusu ya mizunguko ya lile linalozunguka. Gurudumu mara 20, krauni mara 10. Kwa hiyo idadi ya mizunguko ya propela ukiigawa kwa 10 ndiyo uwiano. Ukihesabu 47, difu ni ya 4.7. Ukihesabu 41, ni ya 4.1. Ukihesabu 35 na kidogo, ni ya 3.54, yenye krauni ya meno 46 na pinioni ya meno 13. Gurudumu likikataa kabisa kuzunguka ingawa giaboksi ni huru, basi huenda difu ni ya aina inayojifunga, na hapo muite fundi.

Ya mbele hupimwa vivyo hivyo, ila safari hii handibreki inaweza kubaki imevutwa, maana magurudumu yote mawili ya nyuma yako chini. Mawe yabaki palepale. Kama magurudumu ya mbele yana habu za kufunga na kufungua kwa mkono, zifunge kwanza, la sivyo gurudumu litazunguka bure na propela haitatikisika.

YA MBELE NA YA NYUMA SHARTI ZIPATANE

Wanafunzi wenzangu, hapa ndipo kiini cha habari.

Land Rover ya Series yenye difu za 4.7 haina mbio. Kwenye lami injini hulia sana. Kwa ajili hiyo baadhi ya watu hununua difu ya 3.54 iliyotoka kwenye gari jingine la kampuni hiyohiyo na kuifunga mahali pa ile ya 4.7. Kwa kuwa umbo ni lilelile, inaingia. Gari linakuwa jepesi barabarani na mwenyewe anafurahi. Lakini ikiwa amebadilisha ya nyuma tu na kuiacha ya mbele, amepanda mbegu ya taabu.

Tupige hesabu. Ukivuta foo-wili katika gari hili, transfa huzifunga propela shafti mbili pamoja, zikazunguka sawasawa. Tuseme kila moja imezunguka mara 47. Magurudumu ya mbele, yenye difu ya 4.7, yatazunguka mara 10. Magurudumu ya nyuma, yenye difu ya 3.54, yatataka kuzunguka mara 13 na zaidi kidogo. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja gari husogea karibu mita mbili na nusu. Basi wakati mbele panataka kwenda mita 25, nyuma panataka kwenda mita 33. Gari ni moja! Haliwezi kwenda mita 25 na mita 33 kwa wakati mmoja.

Kwenye tope, matairi yatateleza na kusameheana kidogo. Kwenye murramu kavu au lami hakuna msamaha. Vyuma vitajinyonga mpaka kilicho dhaifu kikatike: hafushafti, au gia za difu, au transfa yenyewe.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha. Siku za kiangazi gari linapokwenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake, propela ya mbele huzunguka huru na hakuna anayejua. Mwenye gari anaweza kuendesha mwaka mzima akijisifu. Kisha mvua zinanyesha, barabara inakuwa matope, mgonjwa amelazwa nyuma ya pikapu, dereva anabonyeza kile kitufe cha manjano au kuvuta ule mkono mwekundu ambao huingiza foo-wili pamoja na gia nzito. Siku ile unayoihitaji foo-wili ndiyo siku inayovunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe unaujenga usiku, kwenye mvua, mbali na fundi.

Kuna ishara moja ya kukuonya mapema. Kamba ya spidomita katika Land Rover hizi hutoka kwenye transfa, kabla ya difu. Difu ya nyuma ikibadilishwa kutoka 4.7 hadi 3.54, spidomita haina habari. Itakuonyesha kilomita 60 kwa saa, kumbe unakwenda karibu 80. Ukiona unafika mapema kuliko spidomita inavyodai, fanya ile hesabu ya chaki. Polisi wa trafiki hawatakubali udhuru wa difu.

Jambo hilihili huletwa na matairi. Tairi kubwa nyuma na ndogo mbele ni sawa na difu zisizopatana, hata kama uwiano ni mmoja.

NA TOYOTA JE?

Wenye Hilux wana nafuu. Toyota hubandika kibati chini ya boneti, na juu yake pana sehemu iliyoandikwa TRANS/AXLE. Hapo kuna herufi na tarakimu zinazoeleza ekseli ya nyuma kama ilivyotoka kiwandani. Chukua mfano wa G282. Herufi G inamaanisha krauni yenye kipenyo cha inchi 8. Tarakimu 28 zinamaanisha uwiano wa 4.10, yaani meno 41 kwa 10. Ile 2 ya mwisho inamaanisha kwamba ndani ya difu mna gia ndogo mbili. Ikiwa ni G284, basi kila kitu ni kilekile ila gia ndogo ni nne, na difu hiyo huvumilia kazi ngumu zaidi. Ukiona G29 badala ya G28, uwiano ni 4.30.

Hata hivyo kibati ni kama cheti cha kuzaliwa: kinaeleza ulivyozaliwa, si ulivyo leo. Kama difu ilibadilishwa miaka kumi iliyopita, kibati bado kinasema yale ya zamani. Isome, halafu hakikisha kwa chaki.

IKIVUNJIKA NJIANI

Niongeze jambo moja litakalokufaa. Hafushafti moja ya nyuma ya Series ikikatika, gari halisogei ingawa injini inanguruma na gia imeingia, kwa sababu difu hupeleka mzunguko wote upande usio na kazi. Usikate tamaa. Fungua bolti za kile kisahani, toa vipande vya shafti visije vikasaga difu, rudisha kisahani ili vumbi lisiingie, kisha ingiza foo-wili. Magurudumu ya mbele yatakuvuta mpaka nyumbani polepole. Naam, ikiwa tu difu ya mbele ni nzima.

Lakini kumbuka ile handibreki. Hafushafti ikikatika, handibreki inashika propela shafti ambayo haijaungana tena na gurudumu. Ukisimamisha gari mlimani ukaivuta na kuondoka, utalikuta bondeni. Weka mawe kwanza, ndipo ushuke mizigo.

KWA MUHTASARI

Kabla hujampa mtu pesa za kununua kipuri, hakikisha unaweza kujibu maswali haya na uyaandike kwenye karatasi:

(a) Gari ni la springi za mabamba au za kujiviringa? Urefu wake ni 88 au 109?

(b) Difu ya nyuma hufunguka kutoka upande wa propela, au ina kifuniko cha bolti 10 upande wa nyuma?

(c) Katikati ya gurudumu la nyuma pana kisahani cha bolti au hapana?

(d) Shafti iliyovunjika ni ya kulia au ya kushoto, na ina meno mangapi?

(e) Ukihesabu kwa chaki, uwiano wa mbele ni ngapi, na wa nyuma ni ngapi? Je, zinapatana?

Ukiwa na majibu hayo matano, hata kijana mdogo wa shule anaweza kutumwa Kirinyaga Road na akarudi na kitu kinachofaa. Muuzaji akimwambia, "Chukua hii, zote ni sawa," atamjibu kwa adabu, "Samahani mzee, yetu ni Salisbury," na muuzaji atajua kwamba mteja huyu si wa kudanganywa.

Basi walimu na wanafunzi wenzangu, likizo ijayo ukiona pikapu kuukuu imepumzika chini ya mti, mwombe mwenyewe ruhusa, uiname uchungulie. Chukua chaki na kipande cha karatasi. Mwambie mwenye gari utakachokikuta, hasa ukikuta namba mbili zisizolingana. Aheri ajue leo, jua likiwaka, kuliko kujua mvuani. Kinga ni bora kuliko tiba.